Waya wa Jeshi Juu ya Miarobaini

Waya ni wangu. Nalisema hili mwanzo kabisa, maana hapa Junda mtu akiona waya wa shaba umepita juu ya mti hajiulizi unafanya kazi gani, anajiuliza umeibwa wapi. Wangu sikuuiba. Niliununua mnadani, jeshi lilipokuwa likiuza vitu vyake vikuukuu, pamoja na simu mbili za kuzungusha kwa mkono. Karatasi ya mnada ninayo mpaka leo, nimeitia plastiki isiliwe na mende. Asiyeamini na aje aione. Akija na adabu nitampa na chai.

Nilikuwa askari wa mawasiliano. Na nisifikiriwe kwamba nilikaa mezani nikiwaunganishia wakubwa simu zao, la. Nilikuwa mlaza waya. Nilipofika kikosini mkuu wetu alinitazama toka juu hadi chini, akasema wanawake watakaa kwenye meza ya simu, kazi ya kubeba dramu ya waya ina wenyewe. Nikamuuliza, "Afande, hiyo dramu ina uzito gani?" Akanitajia. Nikamwambia mtungi niliokuwa nikiutoa kisimani kwetu Kisauni ulikuwa mzito zaidi, na nilikuwa nikiuchukua kichwani. Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka, lakini kesho yake dramu ilikuwa mgongoni kwangu. Goti langu la kulia leo linanilaani kwa sababu hiyo, na lilaani tu. Dramu niliibeba.

Kazi yenyewe watu hawaijui. Jeshi likihama na kupiga kambi mahali pasipo na kitu, makao yanataka kuzungumza na vikosi vilivyo mbele. Redio zipo, na mitambo ya angani ipo, lakini ukisema redioni kila mwenye masikio anasikia, na adui naye ana masikio. Waya humfikia yule aliye upande wa pili peke yake. Basi tulitembea porini kule kaskazini kwenye miiba, mmoja kabeba dramu na waya unajimwaga nyuma yake, mwingine anafuata anaufunga. Unaufunga shinani mwa mti, unaupandisha, unaufunga tena juu, na unauacha ulegee kidogo upepo usiukate. Pakiwa na njia ya magari unaupitisha juu, pakiwa na njia ya mbuzi unaufukia. Kila dramu ikiisha, kabla hujaunga nyingine, unatega simu yako unapiga nyuma. Na aliyepigiwa lazima ajibu. Awe anakula, awe anachutama, ajibu.

Maofisa vijana walikuja na kompyuta zao wakatucheka. "Mama, dunia iko hewani siku hizi." Haya. Siku moja ya mazoezi ukaja upepo wa vumbi, betri zikazimika, hewani kimya kama msikiti saa nne asubuhi, na hao hao wakaja kupanga foleni kwenye simu yangu ya kuzungusha. Sikuwaambia kitu. Naongopa, niliwaambia mengi, na mengine siwezi kuyaandika.

Nilipostaafu nilirudi kwetu. Nikafungua kibanda cha kusuka upya mota za pampu na feni, karibu na barabara, kwa sababu mkono uliokwisha kuzoea shaba hauwezi kukaa bure. Kutoka kibandani hadi nyumbani kwa mamangu ni mwendo wa dakika tano kwa mtu mwenye magoti mazima. Mimi huchukua nane.

Mamangu ndiye aliyebaki na kile kipande cha shamba, kati ya nyumba za kupangisha zilizotuzunguka kila upande. Minazi minne, mihogo kidogo, na nyumba ya vyumba vitatu aliyotuzalia ndani yake. Mwaka juzi kiharusi kilimpiga. Upande wa kushoto ukafa, mdomo ukaenda kombo, na maneno yakawa yanatoka mazito, yamegandana. Akili yake ilikuwa ile ile ya kutukemea. Lakini alikuwa mwanamke aliyejulikana kwa kusema, kwenye harusi ndiye aliyekuwa akitaka mahari yatajwe kwa sauti, na ile aibu ya kusikika akigugumia ilimshinda. Mbele ya watu alijifunika mdomo kwa kanga na kunyamaza. Hata mbele ya kakangu alinyamaza. Na mimi pia nilipata neno moja moja tu, tukiwa peke yetu.

Kakangu mkubwa anafanya kazi kwenye matangi ya mafuta Changamwe, na anakaa huko huko, ghorofa ya tatu, kwenye nyumba za wafanyakazi. Si mtu mbaya. Kila Jumamosi alikuja na mkate na machungwa. Lakini alikuwa amejitia kichwani kwamba mama ahamie kwake. "Wewe waenda kazini, yeye yuko peke yake. Akianguka je?" Nikamwambia, "Kaka, hapa kila anayepita hupiga hodi. Kule ghorofani atapigiwa hodi na nani, na kunguru?" Tukabishana hata majirani wakafunga madirisha. Mwishowe akaniwekea sharti, na mimi kwa kiburi changu nikalikubali: siku atakayomkuta mama sakafuni, ndiyo siku atakayomchukua, na mimi sitasema neno.

Alimnunulia simu ya mkononi, ile ya kioo kikubwa. Jamani! Kidole cha mama kikigusa kioo kilipiga kwa watu asiowajua, mara moja ikamwendea mwalimu wa madrasa, mara moja mtu wa Voi. Na hata angempata anayemtaka angelazimika kusema, na kusema ndiko alikokataa. Akaisukumia chini ya mto, akageuza uso ukutani.

Hapo ndipo nilipokumbuka zile simu mbili zilizokuwa kabatini. Simu ya jeshi haitaki salio, haitaki umeme wala mtandao. Inataka mkono mmoja tu. Unazungusha mpini, kengele inalia upande wa pili. Na mkono wa kulia wa mamangu ulikuwa mzima, nakwambia, ulikuwa na nguvu za kukuna nazi mbili.

Nililaza waya kwa siku tatu. Kutoka kitandani kwake ukafuata ukuta chini chini, ukatoka kando ya mlango, ukapanda mwarobaini wa kwanza, ukapita nyuma ya madrasa, mwarobaini wa pili, wa tatu, hadi mlangoni pa kibanda changu. Kila mti niliufunga chini na juu. Watu walisimama kuangalia mwanamke wa miaka yangu akipanda ngazi na kanga imefungwa kiunoni. "Nyanya, utaanguka!" Nikawajibu kwamba nilianza kupanda miti kabla baba zao hawajatahiriwa. Jirani yangu wa bara akaanika mashuka ya watoto kwenye waya siku hiyo hiyo, hata haujamaliza kutulia. Sikugombana naye. Niliupandisha juu zaidi, nikamfungia kamba yake ya kuanikia, na tangu hapo akawa mlinzi wangu: mtoto akirusha jiwe upande ule, hukiona cha moto kwake.

Nikamfundisha mama. Zungusha mara moja, hujambo. Mara mbili, njoo lakini si mbio. Mara tatu, acha kila kitu. Na kila adhana ya adhuhuri na ya alasiri ikiisha ananipigia mara moja, mimi nainua mkono wa simu nasema, "Abee, mama." Yeye hajibu. Nasikia anavyopumua, kisha nasikia anaweka chini. Nilimfundisha pia mambo ya kikazi asiyoyahitaji, kwa sababu alikuwa ameketi tu na mimi napenda kusema. Nilimwambia kwamba mpini una uzito wake, na kwamba siku ukizunguka mwepesi ujue waya umekatika mahali. Nilimsimulia habari za kaskazini, jinsi askari wa waya asipojibiwa asivyokaa akisubiri, anaushika waya mkononi na kuufuata hatua kwa hatua mpaka aone yaliyompata mwenzake. Alisikiliza huku amefumba macho. Nilidhani analala.

Miezi minane waya ule ulifanya kazi. Kaka alikuja, akamkuta mama kitandani, safi, amekula, akaondoka kama mtu aliyeonewa.

Basi Jumamosi moja alfajiri mtaa ukaamka hauna mtandao. Watu wa usiku walikuwa wamekata nyaya za shaba pale barabarani, wakaenda nazo. Kufika saa tano mtaa mzima umeshakuwa wapelelezi. Na nani hapa Junda ana shaba mezani, shaba kwenye makopo, shaba juu ya miti? Saa sita hivi mzee wa nyumba kumi akaja kibandani kwangu na askari wa kituo cha polisi, mtu wa bara, mpana, viatu vinang'aa.

"Mama, hii waya ni ya nani?"

"Kwanza hujambo," nikamwambia. "Hapa kwetu mtu huanza na hujambo."

Mzee wa nyumba kumi akatazama chini. Askari akasema hajambo, akarudia swali. Nikamjibu ni wangu, nikamtolea karatasi ya mnada. Akaigeuza mbele na nyuma, akasema karatasi siku hizi mtu anachapisha tu. Nikahisi damu inanipanda. Lakini nikasema, tulia, mwanamke, mfundishe.

Nikachukua kipande kilichosalia kwenye dramu, nikakimenya ganda, nikatawanya nyuzi zake mezani. "Tazama hapa. Hizi nyekundu ni shaba, hizo ndizo zinazobeba sauti. Hizi za kijivu ni chuma. Waya wa jeshi huchanganywa na chuma ili uvutwe porini usikatike." Nikaleta sumaku ya spika, nyuzi za kijivu zikarukia. "Waya wa simu za mjini hauna chuma hiki. Na mwizi hautaki huu hata ukimpa bure, unamvunjia koleo na kwenye mzani haumletei kitu. Mimi ningekuwa mwizi ningeiba kitu cha maana, afande."

"Hicho ni kipande cha hapa," akasema. "Kopa, hiyo shaba ya kule juu kwa miti, inaweza kuwa nyingine."

"Ngazi ile pale. Panda na sumaku."

Hakupanda. Alichukua koleo langu, langu mwenyewe, mezani pangu, akaenda mlangoni pale waya unaposhukia. Nikamwambia usikate. Nikamwambia usikate, upande wa pili kuna mgonjwa. Mara ya tatu nilisema kwa sauti ya uwanja wa gwaride, na nyuma ya madrasa walinisikia. Akakata.

Yeye alikuwa amesimama kwenye jua akimenya ncha mbili kwa kucha, moja mkono huu na moja mkono huu, akitafuta nyuzi za kijivu. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha muda huo huo. Na mamangu, kwa saa yake, akazungusha mpini.

Simu ya kuzungusha hupeleka umeme wa kupigia kengele. Hauui mtu, lakini hauchezi. Askari aliruka akatupa ncha zote mbili. "Woi! Umenifanyia nini?"

"Mimi? Mikono yangu hii hapa. Umepigiwa simu, afande. Ungepokea!"

Mzee wa nyumba kumi akaziba mdomo kwa kofia yake. Mimi nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika meza, nikacheka uchovu wa miaka yote ya kuulizwa umetoa wapi, umeiba wapi, nani kakuruhusu. Naandika haya kwa aibu, maana wakati mimi nacheka mamangu alikuwa amepiga na hakujibiwa. Mimi, niliyemwambia aliyepigiwa lazima ajibu.

Kicheko kikanikatika. Nilizishika zile ncha mwenyewe, na bado zilikuwa zinanichoma. Mara tatu. Tena mara tatu. Halafu tena, bila kuhesabu. Kisha zikanyamaza kabisa.

Nilikimbia. Sijui goti lilikuwa wapi, sikulisikia. Nyuma askari alikuwa akipiga kelele, "Mama simama!" akidhani natoroka. Jirani wa bara akaacha nguo kwenye beseni akanifuata, na watoto wakafuata, tukaingia uani kwa mama kundi zima.

Viatu vya kakangu vilikuwa mlangoni. Mkate na machungwa vilikuwa vimetupwa barazani. Ndani, kaka alikuwa amepiga magoti, na mama alikuwa sakafuni.

Alikuwa chini kwenye saruji, hatua nyingi kutoka kitandani, karibu na kizingiti. Kanga imemtoka kichwani ikabaki imemzunguka mdomo, kiwiko kimechubuka. Kaka aliniangalia, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo, na hilo liliniumiza zaidi. "Unaona?" akasema. "Nilikwambia nini?" Akainuka, akafungua kabati, akavuta mfuko, akaanza kutia nguo za mama. Gauni, shali, msala. Nami nilisimama. Nilitoa ahadi, na ahadi ilikuwa nisiseme neno. Nimebishana na makapteni mimi, nimebishana na askari yule dakika kumi zilizopita, na hapo mdomo wangu haukupata hata herufi moja. Nilijua nimeshindwa, na nilijua nimeshindwa kwa sababu ya kucheka.

Askari alikuwa amefika mlangoni, anahema. Majirani nyuma yake.

Mama alipiga sakafu kwa kiganja. Kaka akageuka. Tukageuka sote. Aliitoa kanga mdomoni, mbele ya mwanawe wa kiume, mbele ya askari, mbele ya watu aliowaficha mdomo wake karibu miaka miwili.

"Mwepesi," akasema. Neno lilitoka zito, limeinama, lakini lilitoka. Alinyoosha kidole kuelekea simu iliyokuwa kitandani. "Mpini. Mwepesi."

Kaka hakuelewa. Mimi nilielewa.

"Nikasema wamemchukua," akaendelea, akaniashiria mimi kwa kidevu. "Huyu. Na mdomo wake."

Hapo ndipo nilipoona alichokuwa nacho. Alipopiga sakafu alikuwa amekiachia, sasa alikishika tena. Waya. Alikuwa ameushika kutoka pale kitandani, akaufuata kwenye ukuta, mkono mmoja na nusu ya mwili, anajivuta, hatua kwa hatua, kuelekea alikokuwa mwenzake asiyejibu. Miezi minane nilikuwa najisifu kwamba mimi ndimi ninayemlinda kwa waya ule. Kumbe kila adhuhuri na kila alasiri yeye ndiye aliyekuwa akinichunguza mimi kama niko salama.

"Mama," kaka akasema polepole, "mama yangu, umeanguka. Tazama, uko chini."

Mama alimtazama kwa jicho ambalo sote wawili tulilijua tangu utotoni.

"Sikuanguka," akasema. Alivuta pumzi, akalitafuta neno, akalipata. "Nimeshuka."

Jirani wa bara alianza kulia kwa sauti. Kaka alibaki na mfuko mkononi. Nilimwona akitazama ule umbali, kutoka kitanda hadi kizingiti, anaupima. Halafu aliketi chini sakafuni, na nguo zake za Jumamosi, ana kwa ana naye, akamuuliza swali ambalo, Mungu anisamehe, si yeye wala mimi aliyewahi kumuuliza katika kelele zetu zote.

"Mama, wewe wataka nini?"

Hakumjibu yeye. Aligeuka kwangu, akaniinulia ule waya.

"Unga," akasema. "Uende kazini."

Nilitoka. Askari alinipisha mlangoni, na alipokumbuka kwamba koleo langu lilikuwa bado mfukoni mwake, alinirudishia. Nikarudi kibandani, nikamenya ncha zote mbili vizuri, nikazisokota shaba kwa shaba na chuma kwa chuma, nikazifunga. Kisha nikaketi, nikamzungushia mamangu mara moja.